Nyota ya Suheli na Taa za Dar es Salaam

Ukisimama usiku kwenye ncha ya Ras Fumba, kusini-magharibi mwa kisiwa cha Unguja, ukaelekeza uso wako kusini barabara, utaona mambo mawili yakigombea mahali pamoja. Juu kuna nyota. Chini yake, kwenye ukingo wa bahari, kuna weupe uliotanda kama alfajiri iliyokosea saa yake. Huo ni mwanga wa Dar es Salaam. Mji wenyewe huuoni, kwani uko umbali wa kilomita 50 na ushei na mgongo wa dunia umeuficha. Unachokiona ni taa zake zilizotupwa juu, zikagonga vumbi na unyevu wa hewa ya pwani, kisha zikarudishwa chini kwetu sisi ambao hatukuziwasha.

Anga hilo nimelipiga picha kwa zaidi ya miaka 20. Wengi huniuliza kwa nini nisiende upande wa mashariki wa kisiwa, ambako mbele kuna bahari kuu tupu na kiza chake ni safi. Huko nimekwenda, na picha nilizotoka nazo ni nzuri. Lakini zingeweza kupigwa na mtu yeyote, popote penye bahari. Picha za Fumba zina watu ndani yake, ingawa hakuna hata mmoja anayeonekana.

Katika Kiswahili cha mabaharia kusini huitwa suheli. Neno hilo lilikuwa jina la nyota kabla ya kuwa jina la upande: Suheli, nyota ya pili kwa kung'aa katika anga zima la usiku. Katikati ya mwezi wa Februari, yapata saa tatu usiku, husimama kusini kabisa, karibu nusu ya njia kati ya bahari na utosi wa anga. Manahodha wa majahazi, waliokwenda na kusi na kurudi na kaskazi, hawakuwa na haja ya kuambiwa kusini ni wapi. Waliinua macho tu. Nami kila ninaposimamisha kamera yangu huanza kwa kuitafuta nyota hiyo, kisha hushusha jicho moja kwa moja hadi baharini, na hapo ndipo nikutanapo na taa.

Kuna jambo jingine ambalo mtu halioni kwa macho, ila kamera hulionyesha. Nyota zote za kusini huzunguka nukta moja, na kwetu nukta hiyo iko nyuzi 6 tu juu ya bahari, yaani kama vidole vitatu au vinne vya mkono ulionyooshwa. Ukiiacha kamera wazi kwa muda wa saa nzima, kila nyota huchora tao la nyuzi 15 kuizunguka nukta ile. Sasa, kutoka Fumba, nukta hiyo iko juu ya Dar es Salaam. Kwa hiyo katika picha zangu za saa nzima mbingu huonekana kama jiwe la kusagia, na mji wa watu umekaa penye kijiti cha katikati.

Nilipoanza nilitumia filamu. Usiku mmoja ulikula picha tatu au nne, na matokeo yake huyajui mpaka filamu isafishwe. Nilipata mwanga wa rangi ya chungwa, maana taa za barabarani za wakati huo nyingi zilikuwa za sodiamu. Siku hizi kamera ya kidijitali, kwa lenzi pana, hunitosheleza kwa sekunde 20. Nikizidisha hapo, nyota huanza kujivuta zikawa vistari. Na rangi nayo imebadilika. Taa mpya ni nyeupe, zina buluu ndani yake, na buluu ndiyo rangi inayotawanyika upesi zaidi hewani. Sensa ya mwaka 2002 iliikuta Dar es Salaam na watu karibu milioni 2.5, ile ya mwaka 2022 ikawakuta zaidi ya milioni 5.3. Ukizipanga picha zangu mezani kwa mpangilio wa miaka, unaweza kuisoma sensa bila tarakimu: doa la chungwa linapanda, linapauka, linameza nyota ndogo kwanza, kisha za wastani.

Si Dar es Salaam pekee inayoangaza picha zangu. Usiku wa kiza, mwezi usipokuwepo, ndio usiku wangu, na ndio usiku wa wavuvi wa dagaa pia. Wao hutaka kiza ili taa yao iwe ndiyo pekee ambayo samaki wanaiona. Zamani walitoka na karabai. Sasa wengi wana taa za betri. Katika picha ya sekunde 20 taa ya chombo haitulii kuwa nukta. Mawimbi huitikisa, nayo huandika mstari wa kupindapinda kama mwandiko wa mtoto anayejifunza alifu. Mwanzoni nilikuwa nikizifuta picha hizo. Baadaye nikaanza kuzingoja. Mmoja wa wavuvi hao, kila anaponikuta ufukweni alfajiri, huniuliza, "Mzee, leo umevua nyota ngapi?" Nami humuuliza amepata ndoo ngapi. Kwa kawaida yeye ndiye mwenye jibu zuri.

Sasa nieleze jambo lililonifanya niandike kurasa hizi. Umeme wa Unguja hutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari mwaka 1980, kutoka Ras Kiromoni hadi papo hapo Ras Fumba. Mwezi wa Mei 2008 umeme huo ulikatika, kisiwa kikakaa karibu mwezi mzima bila taa. Mwezi wa Desemba 2009 ukakatika tena, na safari hii haukurudi hadi Machi 2010. Miezi mitatu.

Wakati huo tulikuwa tukikaa Michenzani, katika yale majumba marefu ya ghorofa. Usiku mmoja wa Januari nilipanda juu ya paa na kamera. Sijapata kuona anga kama lile mjini. Suheli ilikuwa inaunguza. Chini yake, mahali ambapo kwa miaka yote mjini nilikuwa nikiona utupu wa kijivu, palikuwa na Wingu Kubwa la Magellan, limekaa kama pamba iliyosahauliwa. Njia ya Maziwa ilikatiza juu ya mji kutoka upande hadi upande. Mjukuu wangu alikuwa na miaka sita, amezaliwa na kukulia hapo hapo. Aliitazama kwa muda, kisha akauliza, "Babu, nani anachoma taka?" Alidhani ni moshi. Nikamwambia ni nyota, nyingi mno hata jicho haliwezi kuzitenganisha. Hakuniamini mpaka nilipomwonyesha nyuma ya kamera.

Picha za usiku ule ni bora kuliko zote nilizowahi kupiga. Nalisema hilo bila kusita, na hapo ndipo penye shida. Maana nilipokuwa nikishuka ngazi nilipishana na wanawake na watoto wakipandisha ndoo za maji, kwa kuwa pampu zilikuwa hazifanyi kazi. Kila mtaa ulinguruma kwa jenereta za wenye uwezo. Samaki wasiouzika mchana walioza jioni. Na mke wangu, ambaye ni mkunga, alikuwa akifanya kazi katika kituo kidogo cha afya nje ya mji, huko ambako mafuta ya jenereta yalikuwa ni bahati. Alirudi asubuhi moja nikamwonyesha picha zile kwa furaha. Akazitazama zote, moja baada ya moja, hakuruka hata moja. Halafu akasema, "Nzuri. Lakini kiza hiki, Bwana, wewe umekipigia picha. Mimi nimezalishia humo, tochi nimeiuma kwa meno."

Sikuwa na la kujibu, na hata leo sina jibu kamili. Mwaka 2016 wanasayansi walichapisha ramani ya mwanga wa usiku duniani, wakakadiria kuwa mtu mmoja katika kila watatu haoni tena Njia ya Maziwa kutoka anakoishi. Miongoni mwa nchi walizozikuta na anga safi kabisa ni Chad, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Madagascar. Mpenda nyota akiisoma orodha hiyo hutamani kupanga safari. Mkunga akiisoma huona kitu kingine kabisa. Wote wawili wamesoma sawasawa.

Lakini miaka ya kuangalia taa kwa jicho la kamera imenifundisha kuwa taa zote si moja. Kwenye kisiwa cha Chumbe, upande wa magharibi wa Fumba, kuna mnara uliojengwa mwaka 1904. Mwanga wake una neno la kumwambia nahodha. Taa ya mvuvi ina kazi. Taa juu ya kitanda cha mzazi ina kazi kuliko zote. Ila sehemu kubwa ya ule weupe wa upeoni ni taa ambayo haikumfikia mtu: imetoka kwenye balbu, ikapanda juu, ikapotea. Mtu amelipia umeme wa kuangazia tumbo la mawingu. Na taa za namna hiyo zikielekea ufukweni huwadhuru viumbe pia, kwani vifaranga vya kasa hutoka mchangani usiku na kufuata upande unaong'aa zaidi, ambao tangu enzi ulikuwa bahari.

Miaka michache iliyopita palifungwa taa kali karibu na mahali wavuvi wanapovutia vyombo. Ilikuwa tupu, inamulika kila upande. Nilimwendea fundi bati, akanikatia kofia kwa bati la debe, nasi kwa idhini ya mwenye taa tukaifunga. Mwanga wote ukashuka chini. Niliogopa wavuvi wangelalamika. Badala yake walisema sasa wanaona nyavu vizuri zaidi, kwa sababu taa haiwachomi tena machoni. Gharama yake haikufika bei ya filamu mbili za zamani.

Mwaka 2013 ulilazwa waya mpya wenye uwezo wa megawati 100, na huko Fumba kwenyewe zimeota nyumba nyingi mpya. Sasa mwanga uko mbele yangu na nyuma yangu pia. Sisemi uzimwe. Natamani tu kila anayefunga taa ajiulize anamulika nini.

Mke wangu amestaafu. Mwaka jana nilichapisha picha mbili kwa ukubwa mmoja, ile ya paa la Michenzani, Januari 2010, na moja ya Fumba yenye taa za dagaa na kuba jeupe la Dar es Salaam. Nikamwomba achague ya kutundika sebuleni. Alichagua ya Fumba. Akaweka kidole juu ya ule weupe ambao mimi kwa miaka nimeuita uchafu, akasema, "Humu mna wodi za wazazi. Hesabu wewe ni ngapi." Basi hiyo ndiyo iliyotundikwa. Ile nyingine aliichukua mjukuu, ambaye sasa ni kijana wa kuvaa viatu vyangu, na kila rafiki yake anayeingia chumbani humwuliza ule ni moshi wa nini.