Nilimzika Mke wa Watu Akiwa Hai

Machi 2024 nilikuwa mtangazaji wa kipindi cha asubuhi katika redio moja hapa Tabora, na katika kipindi hicho nilimzushia kifo mwanamke aliyekuwa anatibiwa saratani. Sikutamka kwamba amekufa. Nilifanya la kijanja zaidi: niliuliza. "Kate yuko wapi?" Kisha nikafungua simu, nikawaachia wasikilizaji wamalize wenyewe.

Mambo yenyewe mnayakumbuka. Catherine, mke wa Mwanamfalme William, alionekana kanisani Sandringham siku ya Krismasi ya 2023, halafu kimya. Tarehe 17 Januari Kasri la Kensington likatangaza kwamba amefanyiwa upasuaji wa tumbo na kwamba hatarajiwi kurudi kazini mpaka Pasaka ipite. Pasaka ya mwaka ule iliangukia tarehe 31 Machi. Maana yake ni kwamba sisi tuliopiga kelele mwanzoni mwa Machi tulikuwa tunamdai mtu deni ambalo siku yake haijafika. Taarifa hiyo nilikuwa nayo mezani. Sikuisoma.

Ikaja ile picha ya tarehe 10 Machi, mama na watoto wake watatu. Siku hiyohiyo mashirika ya habari ya AP, Reuters na AFP yakaiondoa kwa kuwa ilikuwa imechezewa, na kesho yake Catherine akaomba radhi, akasema ni yeye aliyeihariri. Kwangu ilikuwa neema. Mkono wa sweta ya binti yake haukukaa sawasawa, na juu ya mkono wa sweta mimi nikajenga msiba. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa ndio unaanza. Nashinda na njaa na kiu, na kinywa hichohicho kinasengenya.

Nikataka hoja yenye ladha ya nyumbani, ndipo nikamleta Mirambo, yule mtemi wetu wa zamani. Nikasema sisi wa Unyamwezi hatudanganyiki, watawala wanavyofichwa tunajua. Kwamba Mirambo alikaa maiti miezi na miezi huku nduguye Mpandashalo akitawala kwa jina lake, misafara ikilipa hongo kwa marehemu. Simu zikamiminika. Lakini ile habari niliitunga palepale, taa nyekundu ya studio ikiwa inawaka. Ni kweli kwamba kwa desturi za Wanyamwezi ugonjwa mkubwa wa mtemi haukuwa habari ya kupeleka sokoni, na kifo chake hakikutangazwa mara moja. Mvua na mavuno vilitazamwa kwa mtemi. Nchi isiyo na mtemi ilikuwa nchi ya kuvamiwa. Mimi nilichukua desturi yenye sababu zake nikaipachika uongo wangu.

Kipindi kilipokwisha, mzee mmoja wa Urambo akapiga simu, akataka kusema na mimi. "Mwangaluka, mwanangu." Nikamwitikia kwa adabu. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

"Huyo Mirambo unayemtania," akasema, "watu wa njia walikuwa na haki ya kuulizia afya yake. Mtu katoka Bagamoyo na mizigo yake, anakwenda Ujiji. Akisikia Mirambo anaumwa, anajua njia itafungwa au itafunguka. Sasa wewe, yule mama wa Kizungu akiugua, tumbaku yetu itashuka bei?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Na 2021 ulikuwa redioni?"

"Nilikuwepo, mzee wangu."

"Mbona hukutuuliza?"

Nikasingizia mtandao unasumbua, nikakata simu.

Alikuwa amenishika pabaya. Rais Magufuli alionekana hadharani kwa mara ya mwisho tarehe 27 Februari 2021. Tarehe 12 Machi, baada ya swala ya Ijumaa mjini Njombe, Waziri Mkuu Majaliwa alisema Rais yuko salama na anachapa kazi. Tarehe 17 Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan, akatangaza kifo. Katikati hapo polisi walikamata watu kwa kudai mitandaoni kwamba Rais mgonjwa. Kijiweni kwenye kahawa tulinong'ona, tena tukitazama nyuma kwanza. Hewani nilisoma matokeo ya mpira. Swali lililotuhusu nililimeza kwa sababu niliogopa, na miaka mitatu baadaye nikalitapika juu ya mwanamke wa Windsor ambaye asingeweza kunifanya kitu. Watu wakanisifu kwa ujasiri.

Nimelitafakari sana neno la mzee yule na naona alikuwa sahihi kuliko wanasheria wengi. Agosti 1871 Mirambo aliushambulia mji huu, akamuua tajiri Khamis bin Abdallah. Vita vyake na Waarabu wa Tabora viliendelea mpaka 1875. Mtu wa namna hiyo akikohoa, mji mzima una haki ya kusikiliza. Catherine hashiki njia ya mtu yeyote. Hasaini sheria, hatozi kodi, wala hapeleki jeshi popote. Mfalme Charles, aliye kitini, saratani yake ilitangazwa tarehe 5 Februari 2024 na mambo yakaendelea. Kumdai mkwewe cheti cha hospitali ni umbea tu, hata ukiusema kwa sauti ya uandishi wa habari.

Na watu wa Tabora tungepaswa kuujua uvumi, maana umepita mlangoni kwetu. Desemba 1866 Musa na wenzake, watu wa Nzwani waliokuwa wamemtoroka Livingstone, walifika Unguja wakatangaza kwamba wapiganaji wa Mazitu wamemuua. Magazeti ya Ulaya yakamlilia. Mwaka 1867 Edward Young akatumwa mpaka Ziwa Nyasa kuchunguza, akakuta ni uongo. Marehemu huyo aliishi mpaka 1873, na mwaka mmoja kabla alikuwa amekaa kwa miezi hapo Kwihara, nje kidogo ya mji, akingoja wapagazi. Lakini Musa alikuwa na shida inayoeleweka: kamtoroka bwana wake na anataka ujira. Mimi nilitaka simu ziendelee kuita.

Ijumaa ya tarehe 22 Machi, saa tatu usiku kwa saa zetu, Catherine akatokea kwenye video akiwa ameketi kwenye benchi bustanini. Akasema vipimo baada ya upasuaji vilionyesha saratani, na kwamba ameanza tiba ya kemikali. Akasema walihitaji muda wa kuwaeleza watoto. George alikuwa na miaka 10, Charlotte 8, Louis 5. Hiyo ndiyo siri yote tuliyokuwa tunaivunjia mlango.

Jumatatu yake nilifanya jambo ninaloliona baya kuliko yote. Niliisoma habari ya saratani kama habari mpya, kwa sauti ya majonzi, nikamwombea na dua. Kuhusu niliyoyasema siku zote zile, kimya. Hakuna aliyelalamika, na kituo hakikuniuliza.

Masahihisho niliyopaswa kuyasoma asubuhi ile ni haya. Mirambo alifariki tarehe 2 Desemba 1884 kwa maradhi ya koo, ndipo Mpandashalo akashika utemi. Hadithi ya maiti kutawala niliizua mimi. Catherine alikuwa hai kila asubuhi niliyouliza yuko wapi. Septemba 2024 alitangaza kwamba amemaliza tiba ya kemikali. Wasikilizaji waliopiga simu siku zile walijibu swali nililowatupia mimi, na kosa ni langu, si lao.