Kutoka Kuchonga Silinda hadi Kubadili Slivu: Kumbukumbu ya Karakana za Mbeya na Iringa

Ufundi wa kuchonga silinda, yaani kutanua kwa mashine matundu ya bloku ambamo pistoni hupanda na kushuka, ulistawi Mbeya na Iringa kwa sababu ya barabara. Rhodesia ilipojitangazia uhuru mwezi Novemba 1965, mafuta ya Zambia, yaliyokuwa yakipitia huko, yalianza kupitishwa kwa malori kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma na kuendelea, katika njia ya vumbi na tope. Na ijapokuwa bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968, na lami ikafuata miaka ya 1970, malori hayakukoma kupanda mlima wa Kitonga yakiwa na shehena, wala injini hazikukoma kuchoka.

Silinda hailiki sawasawa. Hulika zaidi karibu na juu, pale ringi ya kwanza inapogeuka, ambapo joto ni kali na oili ni haba, tena hulika upande mmoja kuliko mwingine kwa kuwa konrodi huisukuma pistoni ubavuni. Hivyo tundu la mviringo hupata umbo la yai, kompresheni hupungua, na injini huanza kula oili. Vumbi linalopenya chujio bovu la hewa huharakisha ulikaji huo kuliko wingi wa kilomita.

Wanaozikumbuka karakana za wakati huo hukumbuka kwanza kupima: geji iliingizwa tunduni, ikasomwa juu, kati na chini, ndipo fundi akaamua kuchonga kufikia pistoni iliyozidi ya awali kwa robo milimita, nusu, robo tatu au milimita nzima. Katika uhaba wa fedha za kigeni wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 utaratibu huo ulipinduka. Aliyepata pistoni za milimita moja tu alichonga hadi hapo, hata kama robo ingetosha, na bloku ikapoteza kwa siku moja chuma cha matengenezo matatu ya baadaye.

Biashara ilipolegezwa kuanzia mwaka 1984, vipuri vilirejea, na malori yenye slivu, yaani bomba la chuma linalochomekwa ndani ya bloku na kubadilishwa likilika, yakatawala: Scania, zikiwamo zilizounganishwa Kibaha, zina slivu inayozungukwa na maji, na Isuzu nyingi zina slivu kavu. Seti ya slivu, pistoni na ringi ikaipunguzia kazi mashine ya kuchonga. Hayo ni maendeleo, lakini kupima nako kulianza kupuuzwa, kana kwamba kipuri kipya hakihitaji geji. Slivu ya maji sharti ichomoze juu ya uso wa bloku kwa sehemu ndogo ya milimita, ili silinda hedi na gasketi viibane. Ikizama, gesi hupenya na maji huvuja. Mwenye lori na adai vipimo hivyo viandikwe kabla silinda hedi haijafungwa.