Mchanga Chini ya Sufuria

Sufuria ya mama ipo bado. Ni ile kubwa, nyeusi tii kwa nje, ambayo haikuchemsha maji hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kubeba mchanga. Mchanga wa mtoni, uliochekechwa na kuoshwa, kina cha vidole viwili. Juu ya mchanga mawe matatu madogo, juu ya mawe sufuria ndogo yenye chakula, kisha kifuniko, na juu ya kifuniko makaa. Chini sigiri, juu makaa. Hiyo ndiyo ilikuwa oveni yetu hapa Arua, na humo ndimo mama alimooka lasanya.

Aliiona kwenye televisheni. Miaka ile umeme wa mji wetu ulitoka kwenye jenereta. Megawati tatu na nusu za Mto Nyagak zilikuwa bado hazijatufikia. Taa ziliwaka jioni na kuzimika zilipotaka. Kipindi kilikuwa cha ng'ambo, mpishi akisema Kiingereza cha mbio. Mama hakukifuata. Alikaa kwenye mkeka, karibu mno na kioo, amekaza macho.

"Usisikilize mdomo, mwanangu. Tazama mikono."

Tukaitazama. Ilisukuma unga ukawa mwembamba kama kitambaa, ikapanga nyama na nyanya, ikamwaga mchuzi mweupe, ikarudia tabaka kwa tabaka, ikakiingiza chombo motoni. Kisha giza. Jirani akaguna, mbwa akabweka, na sisi hatukuuona mwisho.

Nimejiuliza mara nyingi: mtu anayepika chakula ambacho hakukiona kikiiva, anapika nini hasa?

Jumamosi iliyofuata alisukuma unga wa ngano kwa chupa ya soda. Nyama ya mbuzi aliikatakata kwa kisu mpaka ikalainika. Jibini hatukuwa nayo, maziwa yalikuwa ya chai tu, basi mchuzi mweupe ukawa wa simsim iliyosagwa, ile ile tunayotilia mboga za majani. Lasanya ikatoka na rangi ya udongo wa kichuguu. Mama aliikata papo hapo, ingali inatokota, ikaporomoka yote, tabaka zikaingiana. Baba alikula kimya, akapangusa midomo, akauliza enya iko wapi. Enya ni ugali wetu wa muhogo na mtama. Bila huo Mlugbara anakuwa ameonja, hajala.

Mama alituacha katika mvua za Agosti. Ardhi ilikuwa laini, kaburi likachimbika upesi, upesi kuliko nilivyotaka.

Nilidhani nitakumbuka enya yake. Lakini enya shangazi anaisonga, dada anaisonga, naipata katika nyumba yoyote hapa hadi Koboko. Kinachonijia usiku ni lasanya ile. Hakuna Mwitaliano atakayeitambua. Hakuna mtu wa kwetu atakayesema ni mila. Ilikosewa tangu siku ya kwanza, na mkosaji hayupo. Je, kosa nalo hufa? Na likifa, nani hukaa matanga?

Nikifikiri sana, naona kwamba mama hakujifunzia mbele ya televisheni kutazama mikono. Alijifunza mapema zaidi, uhamishoni. Mwaka 1980, vita vilipoufagia mji huu mnamo Oktoba, watu wa eneo letu la West Nile walikimbilia Sudan na Zaire, na yeye, msichana mwenye fungu la nguo kichwani, alivuka kuelekea Aru, upande wa Zaire. Mwanamke aliyempokea alisema Kilingala. Mama hakukijua. Akakaa jikoni kwa watu, akatazama mikono ikitwanga majani ya muhogo, ikitia mawese, ikingoja. Ndivyo pondu ilivyoingia kwetu. Mimi nimekua nayo nikiiita chakula cha nyumbani.

Na muhogo wenyewe? Ulitoka Brazili, ukaletwa Afrika na merikebu za Wareno. Karanga zetu zilivuka bahari hiyohiyo. Hata nyanya, Italia iliipata kutoka Amerika. Sijui niliwaze hili kwa furaha au kwa huzuni. Vyakula hivi vyote vilianza kwa mtu fulani kutazama mikono ya mtu ambaye hakuielewa lugha yake, na jina la huyo mtazamaji halikubaki popote.

Mwaka 1963, mwaka ambao Uganda ilipata televisheni yake, Julia Child alianza kuwafundisha Wamarekani mapishi ya Kifaransa kwenye kioo. Siku moja aligeuza chapati ya viazi hewani, sehemu ikaanguka juu ya jiko, akaiokota na kuirudisha kikaangoni, kamera ikitazama. Tukio hilo linatazamwa hadi leo, naye alifariki mwaka 2004. Namwonea wivu. Si yeye, nawaonea wivu wanaomlilia. Wao wana mkanda. Mimi ninayo sufuria.

Mwaka huu nilitafuta lasanya kwenye simu nikaitazama mpaka mwisho, mwisho ule tuliozimiwa. Nilitarajia siri. Haikuwepo. Mpishi aliitoa motoni, akaiweka mezani, akasema iachwe itulie robo saa kabla ya kukatwa, ili tabaka zishikane. Basi. Ni hilo tu lililokuwa gizani miaka yote.

Nilicheka, kisha sikucheka.

Jumapili nikachekecha mchanga. Nikapanga mawe matatu. Simsim nilisaga mwenyewe, ingawa jibini sasa inauzwa mjini. Makaa yakashika juu ya kifuniko, na ua ukajaa harufu ambayo simu haiwezi kuitoa. Wanangu wakakaa kwenye mkeka, wananitazama, sijui wanatazama nini.

Nilipoifunua ilikuwa inatokota. Robo saa, alisema yule mpishi. Nilisimama na kisu mkononi, mvuke ukinipiga usoni, nikaihesabu dakika moja, labda mbili.

Nikaikata. Ikaporomoka. Mwanangu wa mwisho kuzaliwa akatafuna, akasita, akatoa kitu kwenye ncha ya ulimi, akanionyesha kidoleni: chembe ya mchanga.