Kumtumaini Mungu si Kumjaribu



Wapendwa taifa la Mungu, kila Jumapili ya kwanza ya Kwaresima Kanisa hutupeleka jangwani pamoja na Bwana wetu. Mwaka huu tumelifikia jangwa hilo kwa njia ambayo hatukuitazamia, kwa kuwa mwanzoni mwa Februari tulijaliwa kukaa kutwa nzima katika nchi kame, nusu ya siku tukiwa angani na nusu juu ya mgongo wa ngamia. Wengi mmetuuliza habari za safari ile, na wengine mmecheka kusikia kwamba paroko wenu ameruka kwa mwavuli. Tumeona vema tuwasimulie, kwa sababu siku ile tulisikia neno moja ambalo tangu hapo halijatutoka moyoni, nalo linawahusu hasa vijana wetu wa machimboni na wazazi wao.

Tulikuwa mapadre watano tuliosoma pamoja Seminari Kuu ya Kipalapala, Tabora. Mwenzetu mmoja yuko masomoni katika Taasisi ya Kichungaji ya AMECEA Gaba, mjini Eldoret, nchini Kenya, naye ndiye aliyetualika. Tulitoka Mpanda kwa treni hadi Tabora, tukaendelea kwa mabasi kupitia Mwanza, Sirari na Kisumu. Nauli kila mmoja alijilipia mwenyewe, kwa hiyo walioanza kuulizana kama sadaka ya Jumapili imepaa angani watulie.

Kutoka Eldoret si mbali kufika Iten, mji mdogo ulioketi ukingoni mwa Bonde la Ufa, kwenye kimo cha mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Mji huo unajulikana duniani kwa wanariadha wake. Katika Shule ya St. Patrick's, Bruda Colm O'Connell kutoka Ireland alifika mwaka 1976 kufundisha, akaishia kuwalea wakimbiaji mashuhuri, akiwemo David Rudisha aliyeshinda mbio za mita 800 katika Olimpiki ya London mwaka 2012 kwa rekodi ya dunia. Asubuhi ile tuliwaona vijana wakipita makundi kwa makundi, wakikimbia kimya kimya, kama watu wanaosali.

Ukitembea kidogo kuelekea mashariki, ardhi inakatika ghafla. Chini yako, kwa zaidi ya mita elfu moja, limelala Bonde la Kerio, na mto wenye jina hilo ukielekea kaskazini hadi Ziwa Turkana. Huko juu kuna ubaridi, mashamba ya mahindi na ng'ombe wa maziwa. Huko chini ni nyika ya migunga, mawe na vumbi jekundu. Si jangwa la mchanga kama tunaloliona katika picha za Sahara, lakini aliyezoea miombo yetu ya Katavi hupaona kuwa ni jangwa tosha.

Kutoka ukingo huo watu huruka kwa mwavuli wa kitambaa. Mwavuli wenyewe hauna injini. Ni bawa refu la nguo nyepesi lenye matundu upande wa mbele; upepo ukiingia humo bawa linajaa na kuwa gumu, nalo limeunganishwa kwa kamba nyembamba nyingi na kiti cha mrukaji. Anayeanza haruki peke yake. Hufungwa mbele ya rubani, wakawa wawili chini ya bawa moja. Januari hadi Machi ndio msimu wake, maana upepo wa kaskazi huja kutoka upande wa mashariki na kupanda ule ukuta wa mlima, na jua la bondeni huipasha joto hewa ikapanda juu. Tulishangaa kufahamu jambo hili: joto lile lile linaloikausha nchi ndilo linalombeba mrukaji.

Tulifika saa tatu asubuhi. Rubani wetu, kijana wa pale pale Iten, alikuwa amefunga utepe wa kitambaa kwenye mti mfupi. Akautazama, akatazama bonde, akatuambia tukae chini. Ikapita saa moja, ikapita ya pili. Kwa macho yetu hali ya hewa ilikuwa njema kabisa: anga la buluu, jua, mawingu machache. Hatimaye mwenzetu mmoja, mkubwa wetu kwa umri, uvumilivu ukamwisha. Akamwambia, "Kijana, sisi ni watumishi wa Mungu. Turushe tu, Mungu atatulinda."

Kijana yule akainama kwa heshima, kisha akajibu: "Fadha, Mungu ndiye aliyeuleta upepo huu. Ndiye anayetuambia tungoje."

Tulicheka sote, na mkubwa wetu akacheka kuliko wote. Lakini baada ya kicheko tulinyamaza kwa muda.

Saa sita kasoro upepo ukatulia, ukawa unakuja usoni kwa upole. Rubani akakagua kamba moja baada ya nyingine. Akakagua vifungo vya kifuani na vya mapajani, kofia ngumu, na mwavuli wa akiba. Alipomaliza akakagua tena, kana kwamba hakuwahi kukagua. Kisha akatupa sharti moja tu: "Nikisema kimbia, kimbia. Usikae mpaka nikwambie." Maana anayeanza, akiuona ukingo, hutaka kusimama au kukaa kabla ya wakati, na hapo ndipo huumia. Bawa linahitaji mwendo ili libebe.

Zamu yetu ilipofika tulikimbia hatua saba au nane. Hatua ya tisa haikukuta ardhi. Hapakuwa na kuanguka, wala tumbo kupanda kifuani kama tulivyoogopa. Ni ardhi iliyoondoka polepole, kama mashua inapoacha gati. Tuliona mapaa ya mabati yakiwaka jua, mbuzi wadogo kama chawa, na ndege mla nyama akizunguka karibu nasi bila kupiga bawa. Rubani akatuambia kwamba humfuata ndege yule, kwa sababu anapozunguka ndipo hewa inapopanda. Tulikuwa angani dakika ishirini hivi, nazo tulizitumia kwa sala fupi fupi zisizo na mpangilio.

Walipokwisha kuruka watatu, upepo ukabadilika. Utepe ulianza kupigapiga. Rubani akakunja bawa lake, akawarudishia wawili waliobaki fedha zao zote. Walimsihi, naye akakataa. Fedha ile ilikuwa ujira wake wa siku, na hakuna mtu ambaye angemlaumu kama angejaribu mara mbili zaidi. Sisi tulioruka tulishukuru kwa kuruka. Lakini tukitafakari sasa, walioelewa somo lile vizuri zaidi ni wale wawili waliorudishwa.

Mchana tukashuka kwa gari, tukavuka mto Kerio, tukapanda Kabarnet na kuteremka upande wa pili hadi nchi ya joto ya Marigat. Huko alitungoja mzee mmoja Mpokoti na ngamia wake watatu. Ngamia hupiga magoti ili apandwe, kisha huinuka kwa miguu ya nyuma kwanza, hivyo asiyeshika vizuri hupelekwa mbele kichwakichwa. Mzee alizunguka kila mnyama akikaza mkanda wa tandiko, akaingiza vidole kupima, akakaza tena. Tulipomwambia kwamba tumeona imekaza vya kutosha, alisema, "Mkanda ukilegea ukaanguka, usiseme ngamia amekuangusha."

Alitusimulia kwamba zamani alikuwa mtu wa ng'ombe. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa mwaka 2022, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika nchi zile kame. Ng'ombe wake walikufa mmoja mmoja. Wachache waliobaki aliwauza akanunua ngamia. "Ng'ombe ni mali ya mvua," alisema. "Ngamia ni mali ya ukame." Kisha akatueleza kwamba mnyama huyo hahifadhi maji katika nundu, kama wengi wanavyodhani, nundu ni mafuta. Nguvu yake ni kuvumilia kiu siku nyingi, na siku ya kunywa, kunywa sana. Ngamia mwenye kiu kali aweza kunywa kama lita 100 kwa muda wa dakika kumi na tano.

Neno hilo lilitukumbusha Rebeka katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 24. Mtumishi wa Abrahamu alifika kisimani na ngamia kumi, akamwomba Mungu ishara: msichana atakayempa maji, na kujitolea kuwanywesha ngamia wake pia, ndiye atakuwa mke wa Isaka. Tumesoma habari hiyo mara nyingi bila kupiga hesabu. Ngamia kumi waliotoka safari ndefu, tuseme kila mmoja alikunywa lita 50 tu. Hizo ni lita 500. Mama zetu wa Kabungu wanaochota maji wakati wa kiangazi wanajua maana yake: ndoo 25 za lita ishirini, kichwani, kutoka kisimani na kurudi. Mtumishi aliomba, na Mungu akajibu. Lakini jibu la Mungu lilikuja kwa jasho la msichana aliyekwenda na kurudi hadi wanyama wote wakatosheka.

Ndugu zangu, hapa ndipo tulipotaka kufika. Katika jangwa la Injili, mjaribu alimweka Yesu juu ya kinara cha hekalu, akamwambia ajitupe chini kwa kuwa malaika watamchukua. Tena alitumia maneno ya Zaburi. Yesu alikataa, akajibu kwamba haifai kumjaribu Bwana. Hakuwa na shaka na ulinzi wa Baba yake, bali alikataa kumlazimisha Baba athibitishe ulinzi huo kwa njia ya upumbavu.

Nchi ina sheria zake ambazo Muumba ameziweka, na nia njema haiziondoi. David Livingstone alipofika pwani ya kusini mwaka 1866 alileta ngamia kutoka India, akitumaini kwamba huenda wangestahimili mbung'o. Wakaumwa na mbung'o njiani, wakatumikishwa vibaya, wakafa. Mwaka 1879 Wabelgiji walileta tembo wanne wa India wabebe mizigo hadi Karema, jirani zetu. Wengi wao hawakuliona ziwa Tanganyika. Sisi tunaoishi na mbung'o hatuhitaji kuelezwa kwa nini ngamia hawapo Katavi.

Mwaka uliopita tulimzika kijana wetu aliyefunikwa na kifusi katika duara la dhahabu. Alikuwa na miaka 23, na mtoto mmoja ambaye hajaanza kutembea. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne, udongo umelowa, na duara halikuwa na matimba ya kutosha. Wenzake walituambia kwamba kabla ya kushuka alifanya ishara ya msalaba na kusema Mungu yupo. Kaburini wengi walisema, "Ni mapenzi ya Mungu." Tuliwaelewa, kwa sababu mfiwa hutafuta pa kuegemea. Lakini leo tunaomba tuseme kwa upendo: Mungu alikuwa amekwisha kusema. Alisema kwa mvua ya siku nne, na kwa udongo uliokuwa ukimomonyoka. Alisema pia kwa mzee wa machimbo aliyewaambia wangoje, nao wakamcheka.

Ishara ya msalaba ni njema, na aliyeifanya tunamkabidhi kwa huruma ya Mungu bila hofu. Ila ishara hiyo haichukui nafasi ya matimba, kama sala yetu angani haikuchukua nafasi ya kamba. Vivyo hivyo kwa dereva wa bodaboda anayebeba abiria wanne bila kofia huku rozari ikining'inia kwenye usukani. Vivyo hivyo kwa mama aliyeambiwa na mhubiri atupe dawa zake ili aonyeshe imani, na kwa baba anayechukua mkopo wa kausha damu akisema Mungu atafungua njia, wakati hajui atalipa kwa nini.

Wala tusigeukie upande wa pili, tukakaa ukingoni maisha yote. Upepo ulipokuwa mwema, tuliambiwa tukimbie, na aliyesita ndiye angeumia. Kijana anayengoja kila kitu kiwe salama ndipo afunge ndoa, aanze kazi au aitikie wito, huyo naye hajamtumaini Mungu. Anayemtumaini hukagua kamba kwa makini, husubiri upepo kwa subira, na saa ikifika hukimbia kwa moyo wote.

Kwa hiyo Kwaresima hii tunawaomba viongozi wa jumuiya zilizo karibu na machimbo jambo moja. Kaeni na vijana, mkubaliane nani atakagua duara kila asubuhi, na neno lake liheshimiwe. Siku akisema leo hatushuki, asichekwe, wala asiitwe mwoga. Na jumuiya ione namna ya kuwapa chakula waliokosa ujira siku hiyo. Kamati ya utume wa familia itaanza kuchanga mbao za matimba baada ya Misa ya pili, na mwenye mti wa kutoa asisite. Tutafurahi sadaka ya Kwaresima yetu ikionekana chini ya ardhi, mahali ambapo watoto wetu wanafanya kazi.

Mungu awabariki, na awarudishe wote nyumbani jioni.

Paroko wenu, Kabungu