Uvira: Negatifu za zamani zarudisha sura za watu waliopoteza albamu

Katika mtaa wa Kalundu, mji wa Uvira, mzee mmoja aliyepiga picha za wakaaji tangu miaka ya 1980 anageuza negatifu zake kuwa picha za simu, akisaidiwa na binti yake. Hawana mashine ya kazi hiyo. Wana simu mbili, kipande cha karatoni na chumba chenye pazia zito. Kwa familia ambazo albamu zao zilichukuliwa na maji au zilibaki nyuma wakati wa kukimbia, kazi hiyo imeleta habari ambayo wengi hawakuitazamia: picha ya karatasi ikipotea, mama yake anaweza kuwa bado yupo.

Mama wa picha ni negatifu. Zamani mteja aliondoka na picha ya karatasi, na mara nyingi filimu ilibaki kwa fotografa. Ukitaka kopi nyingine, ulirudi kwake na kulipa tena. Wengi hawakurudi. Mzee alizikata filimu vipande vipande, akazitia ndani ya bahasha za karatasi, akaandika jina la mteja na mwaka, kisha akazipanga katika makopo ya maziwa ya unga. Humo mna arusi, ubatizo, watoto wa shule, matanga, na vijana waliovaa vizuri siku ya Pasaka.

Makopo yalikaa juu ya kabati zaidi ya miaka kumi na tano bila mtu kuyauliza. Ila miaka hiyo haikuwa ya kawaida kwa Uvira. Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu na kubomoa nyumba nyingi. Mwaka 2024, maji ya ziwa Tanganyika yalipanda mpaka ndani ya nyumba za kandokando. Na kuhusu vita, tangu 1996 wakaaji wengi wa Uvira na Fizi walivuka ziwa kwenda Tanzania, ambako kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huohuo. Desemba 2025 vita vilipofika mjini, maelfu wengine walikimbilia Burundi. Anayekimbia anabeba mtoto, sufuria na kadi ya uchaguzi. Albamu ni nzito, inabaki.

Ombi la kwanza lilitoka ng'ambo ya mpaka, kwa ujumbe wa sauti. Mama mmoja wa Mulongwe, ambaye sasa anaishi chini ya hema Burundi, alimwomba mzee amtafutie picha za arusi yake ya mwaka 2003. Mume wake alichukuliwa na maji ya 2020, yeye akiwa na mimba. Mtoto huyo amekua na sasa anauliza sura ya baba yake. Anauliza kama baba alikuwa na ndevu.

Baba na binti walitafuta jioni tatu. Bahasha ilipopatikana, ndani mlikuwa kipande kimoja tu chenye picha nne. Mbili zilikuwa zimeliwa na unyevu. Ya tatu bwana arusi alikuwa amefumba macho. Ya nne ilikuwa nzima: kijana mwembamba mwenye suti pana kuliko mabega yake, anacheka, hana ndevu. Mama alipoipokea alikaa siku mbili bila kujibu. Kisha akatuma sauti fupi: ndevu alizifuga baadaye, lakini kicheko ni kilekile, na mtoto anacho.

Namna wanavyofanya kazi, familia nyingine zinaweza kuifuata nyumbani. Simu ya kwanza inalazwa mezani ikionyesha ukurasa mweupe mtupu, mwanga ukiwa umepandishwa hadi mwisho. Juu yake kunawekwa karatoni iliyotobolewa kipimo cha picha moja, yaani milimita 24 kwa 36 kwa filimu ya kawaida. Negatifu isilale moja kwa moja juu ya kioo. Iinuliwe kama sentimita tatu mpaka tano, la sivyo vidoto vya kioo vitaonekana katika picha. Upande unaong'aa utazame juu, na ule uliofifia utazame mwanga. Ukikosea, picha itageuka kushoto kulia, na maandishi ya ukutani yatasomeka kinyume.

Simu ya pili inasimamishwa juu ya vitabu, ikitazama chini bila kuinama. Taa inazimwa, pazia linafungwa, na simu inawekewa sekunde tatu za kusubiri ili mkono usiitikise. Baadaye, programu ya kurekebisha picha inageuza rangi: cheusi kinakuwa cheupe, na cheupe kinakuwa cheusi. Filimu ya rangi ina wekundu wa machungwa, na ikigeuzwa hutoka na ubuluu. Hiyo si kasoro ya filimu. Rangi zinasawazishwa polepole, na zikishindikana picha inafanywa nyeusi na nyeupe.

Filimu iliyopata maji inahitaji subira. Vipande vilivyoshikana visivutwe vikiwa vikavu, kwa sababu sura itabanduka. Vilowekwe katika maji safi ya baridi mpaka viachiane vyenyewe, kisha vitundikwe kivulini. Vumbi liondolewe kwa brashi laini, si kwa kitambaa wala mate. Filimu inayotoa harufu ya siki imeanza kuoza: itengwe na nyingine, na ishughulikiwe kwanza.

Kazi ilipojulikana mtaani, vijana walishauri picha zote zitupwe katika makundi ya WhatsApp ili kila mtu ajitafutie. Binti alikubali, mzee akakataa. Ndani ya makopo kuna wanaume waliovaa sare za zamani, kuna waliobadilisha majina, kuna wake wa kwanza ambao wake wa sasa hawawajui. Kwenye mji ambao askari wa kizuizini anaweza kufungua simu ya mpita njia, picha ya miaka thelathini inaweza kumletea mtu kesi. Sheria ya nyumba ikawa hii: anayeomba ataje jina, mwaka na sherehe, naye aonyeshwe zake tu. Walioko mjini wanalipia mega na umeme. Walioko kambini hawalipi.

Hatari ya kuchelewa inajulikana hata mbali na ziwa hili. Mwaka 2014, wakati wa vita vya Afrika ya Kati, nyumba ya fotografa mashuhuri Samuel Fosso mjini Bangui iliporwa, na negatifu zake zikatupwa barabarani. Waporaji hawakuziona kuwa mali. Waandishi wa habari waliopita hapo waliziokota kwa maelfu. Fosso alikuwa na jina kubwa. Fotografa wa mtaani, mtu wa kumwokotea ni mtoto wake au jirani.

Kwa hiyo, familia iliyopoteza albamu ianze kwa kukumbuka: nani alipiga picha siku ile? Kama yeye amefariki, watoto wake wako wapi? Na aliyerithi kopo la filimu asiliteketeze wakati wa kusafisha nyumba. Picha zikishatoka, kopi moja ikae kwenye kadi ya simu katika nyumba nyingine, na moja kwa ndugu aliye mbali. Kwa WhatsApp itumwe kama dokumenti, kwa sababu ikitumwa kama picha ya kawaida inapunguzwa ubora. Negatifu yenyewe irudi katika bahasha ya karatasi, mahali pakavu, juu kuliko alama ambayo maji ya mwisho yaliacha ukutani.