Vizingiti vya Mvule

Nyumba ya Jjajja, babu yangu mzaa mama, iko juu kidogo ya mwalo wa Ggaba, mahali ambapo alfajiri unawasikia wachuuzi wakibishania bei ya sangara kabla hujafungua dirisha. Ina milango minne. Kila mlango una kizingiti cha chini cha mbao ya mvule, chenye kimo cha inchi mbili hivi, na vyote alivitengeneza mwenyewe. Jjajja alikuwa seremala kwa zaidi ya miaka 40. Zamani fremu ya mlango ilitengenezwa hivyo, na kizingiti cha chini kikiishika miimo miwili isiachane. Kwa mtu mwenye miguu yake, kizingiti cha inchi mbili si kitu. Unakivuka bila kujua umekivuka.

Kisha Jjajja akapatwa na kiharusi. Alirudi kutoka hospitali upande wake wa kulia ukiwa umelala, akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Siku hiyohiyo vizingiti vile viligeuka kuta. Kutoka chumbani kwenda chooni ilibidi watu wawili wakinyanyue kiti, mmoja mbele, mmoja nyuma. Usiku alisubiri mpaka mtu aamke. Baada ya wiki mbili mama aligundua kwamba Jjajja hanywi tena maji baada ya saa kumi jioni. Alikuwa anajizuia ili asimwamshe mtu.

Tuliwaita mafundi. Wa kwanza alitaka kukata kwa grenda. Grenda ni chombo kizuri kwa chuma na vigae, lakini diski yake inazunguka kwa kasi kubwa, na ikibanwa ndani ya mbao inaweza kuruka na kumrudia aliyeishika. Tena ni duara: haiwezi kufika kwenye pembe ambapo kizingiti kinakutana na mwimo. Fundi wa pili alishauri fremu nzima zing'olewe na kuwekwa mpya. Bei aliyoitaja ilimfanya mama anyamaze, na Jjajja akageuza uso ukutani. Wa tatu alipendekeza tuweke mteremko wa mbao kila upande wa kizingiti, lakini ukumbi wetu ni mwembamba na kiti kisingepata nafasi ya kugeuka. Msumeno wa mkono nao haukufaa, kwa kuwa mwimo unauzuia kwenda na kurudi. "Ningekuwa na mikono yangu," Jjajja alisema, "ningevitoa kwa patasi." Hakuna aliyekuwa na la kumjibu.

Chombo tulichokihitaji nilikuwa nimewahi kukiona, ila hospitalini. Miaka michache nyuma kaka yangu alivunjika mkono katika ajali ya bodaboda, na siku ya kuondolewa plasta nilikuwa naye. Mhudumu alishika kimashine chenye kisahani cha meno, kikanguruma, kikapasua plasta, na ngozi iliyokuwa chini yake haikuchubuka. Siri yake ni kwamba kisahani kile hakizunguki. Kinatetema, kwenda na kurudi kwa hatua ndogo sana. Plasta ni ngumu, haiwezi kufuata mtetemo, kwa hiyo inakatika. Ngozi ni laini, inayumba pamoja na meno. Daktari wa mifupa wa Marekani, Homer Stryker, alipata hataza ya msumeno wa namna hiyo mwaka 1947. Mwaka 1967 kampuni ya Fein ya Ujerumani, ambayo mwaka 1895 ilikuwa imetengeneza keekee ya umeme, ilitoa msumeno wake wa plasta. Baadaye wazo hilohilo likahamia kwenye karakana: ukibadilisha kisahani na kuweka kipande bapa chenye meno mbele, una chombo kinachoweza kukata mahali ambapo msumeno mwingine hauingii. Kwa miaka mingi kilikuwa ghali. Hataza zilipomalizika, viwanda vingi vikaanza kukitengeneza, na leo kinauzwa hata hapa Kampala.

Niongeze tahadhari moja kwa msomaji ambaye ameanza kushangilia. Usalama wa ngozi ni wa msumeno wa plasta ulio mikononi mwa mtu aliyefunzwa, na hata huo ukipata joto unaweza kuunguza. Meno ya kukatia mbao ni makali na makubwa zaidi. Yatakukata.

Waswahili husema mchagua jembe si mkulima. Nilipomwambia Jjajja kwamba nakwenda mjini kuchagua mashine, nilimtajia methali hiyo kwa mzaha. Hakucheka. Alisema kwamba yeye alichagua kila patasi aliyowahi kuishika, na kwamba methali ile inamhusu mtu anayechagua jembe ili asilime. Halafu akaniuliza, "Utakata nini?" Nikajibu, "Vizingiti." Akasema hilo si jibu. Mbao gani? Unene gani? Ndani yake kuna nini? Nilikaa kwenye mkeka nikaandika alivyonitajia: mvule, inchi mbili, misumari minne ya inchi nne iliyoshikizwa kwenye saruji ya sakafu, na mingine inayoingia kwenye miimo. Aliikumbuka misumari aliyoipiga kabla mimi sijazaliwa.

Karatasi hiyo ndiyo iliyonichagulia mashine. Katika maduka ya vifaa vya ujenzi karibu na Nakasero walinionyesha maboksi ya kila rangi, na kila boksi lilikuwa na picha za kazi kumi: kukata, kupiga msasa, kukwangua gundi, kuondoa saruji kati ya vigae. Muuzaji alisifu wingi wa kazi. Mimi niliuliza mambo manne tu.

La kwanza lilikuwa umeme au betri. Betri inavutia, hasa kwetu ambako umeme hukatika bila kuaga. Lakini betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwenye mashine ya kampuni nyingine, na bila zana nyingine za kampuni hiyo unalipia betri na chaja kwa ajili ya kazi moja. Nikachukua ya waya, ya wati 300. Kwa mita yetu ya Yaka, saa mbili za kazi ni yuniti 0.6, na umeme ukikatika tunakunywa chai.

La pili lilikuwa kasi. Mashine hizi nyingi hutetema kati ya mara 10,000 na 20,000 kwa dakika, kwa pembe ya nyuzi tatu hivi. Nilitaka yenye kidude cha kupunguza kasi, kwa sababu mbao inapenda kasi na msumari unataka polepole. La tatu lilikuwa jinsi kipande cha kukatia, ambacho wauzaji hukiita bledi, kinavyofungwa. Kuna zinazofunga kwa kishikio na kuna zinazotumia skrubu. La muhimu ni kwamba tundu la katikati lifanane na la bledi zinazopatikana sokoni. Mashine nzuri isiyopata bledi ni uzito wa kuzuia mlango tu. La nne, nilimwomba muuzaji aichomeke kwenye soketi niishike ikiwa inawaka. Moja ilinitia ganzi kwenye kiganja katika muda mfupi. Nikairudisha. Nyingine ilitulia zaidi.

"Nyabo, unamnunulia nani?" muuzaji aliniuliza. Nilimwambia naitumia mwenyewe. Akatoa bledi za bei rahisi, za chuma cha kawaida, akasema zinakata mbao yoyote. Nilisoma karatasi ya Jjajja, nikamwambia mbao ni mvule na ina misumari. Hapo akabadilisha sauti, akapanda ngazi, akashusha boksi jingine.

Wenye kujua mbao watanielewa. Mvule ni mgumu kiasi, lakini ugumu sio tatizo lake kubwa. Mti huu huweka ndani yake chembechembe za chokaa, wakati mwingine kijiwe kizima, na mawe hayo hula meno ya msumeno. Vumbi lake pia huwasha ngozi na kukereketa pua na kifua. Kwa hiyo nilinunua bledi mbili za metali mbili, ambazo zinastahimili mbao yenye misumari, na moja ya kabaidi kwa ajili ya misumari yenyewe, pamoja na barakoa nzuri na miwani ya kinga. Bledi na kinga zilikaribia nusu ya bei ya mashine. Hata hivyo, jumla yote haikufika gharama ya fremu moja mpya.

Tulianza na mlango wa chumba chake. Jjajja alitaka kiti chake kiwekwe ukumbini, mbali kidogo na vumbi, barakoa usoni. Kwa mkono wa kushoto alichora mistari miwili kwa penseli, mmoja karibu na kila mwimo. Mstari ulitetemeka. Akaufuta, akachora tena. Niliweka kipande cha mbao iliyonyooka kando ya mstari kama kiongozi, nikawasha, nikagusisha kona ya bledi kwanza. Mashine hii haitaki nguvu. Ukiibana inapata joto, mbao inaungua, na meno yanakufa. Unaiachia uzito wake, unaiyumbisha kidogo kushoto na kulia ili unga wa mbao utoke. "Isikilize," Jjajja alisema kila sauti ilipozama. Sauti ikiwa nyembamba, inakata. Ikiwa nzito, umeibana.

Bledi ilipofika kwenye msumari wa kwanza, pale hasa alipokuwa ameandikisha, nilichomoa waya kwenye soketi, nikabadilisha bledi, nikapunguza kasi. Kila mara kuchomoa kwanza: kwa hilo Jjajja hakukubali haraka yoyote. Mchana wa siku ya kwanza kizingiti kilinyanyuka kizima, nacho chini kilikuwa chekundu na kizuri kama siku kilipowekwa. Tulijaza saruji kwenye shimo, tukasawazisha na sakafu. Siku ya pili tulifanya mlango wa choo, ambako tuliacha mwinuko mwembamba wa saruji ili maji ya kuoga yasitoke ukumbini. Siku ya tatu tulimaliza mlango wa uani.

Mlango wa mbele hatukuugusa, na huo ulikuwa uamuzi wa Jjajja. Mwaka 2020 Ziwa Viktoria, ambalo sisi tunaliita Nalubaale, lilipanda hadi kiwango kilichovuka kile cha 1964. Hapa Ggaba maji yaliingia mwaloni na kwenye nyumba za karibu nao. Kwetu yaliishia kwenye uzio, lakini mvua iliyokuja nayo ilisimamishwa na kizingiti cha mbele. "Kile kina kazi," alisema. Kwa mlango huo tulijenga mteremko wa saruji nje na ubao wa kutandika ndani. Hivyo nilijifunza kwamba kujua kisichokatwa ni sehemu ya kujua kukata.

Lilibaki jambo moja ambalo mafundi wote watatu hawakulitaja. Kizingiti kikiondoka, mlango unabaki na pengo chini, na choo chenye pengo la inchi mbili si choo. Jjajja akaagiza vizingiti vilivyong'olewa vipasuliwe kwa mashine ileile kuwa mapapi, vikapigwa randa, vikafungwa kwa skrubu chini ya milango. Mvule wake haukutoka nyumbani.

Siku hizo tatu tulizungumza Kiswahili kuliko tulivyowahi kuzungumza. Kwa kawaida nyumbani tunazungumza Luganda. Wenzangu wengi darasani walirithi kwa wazazi wao wazo kwamba Kiswahili kilifika Kampala na askari, na hawalaumiki. Kwa Jjajja kilifika na zana. Alijifunza ufundi Jinja, katika karakana ya Mhindi mmoja, pamoja na Wajaluo na Wasoga, na lugha iliyowakutanisha kwenye meza ya kazi ilikuwa hiyo: patasi, timazi, tupa, keekee, jiriwa. Msumari na msumeno vilikwishaingia Luganda kitambo, tukaviita omusumaali na omusumeeno. Mwaka 1972 mwenye karakana alipofukuzwa nchini pamoja na Wahindi wenzake, Jjajja alikuja Ggaba na sanduku la patasi na maneno hayo. Mashine yetu mpya haikuwa na jina katika orodha yake. Baada ya kuisikiliza kwa siku tatu, aliamua kuiita nyigu.

Sasa anakwenda chooni mwenyewe usiku. Anakunywa maji wakati wowote anaotaka. Jioni anajisukuma kwa mkono na mguu wa kushoto hadi uani, ambako ziwa linaonekana kati ya paa mbili za bati. Nyigu yumo kwenye sanduku chini ya kitanda chake, na majirani wameanza kuja kumwazima: mmoja ana vigae vya kuondoa, mwingine ana ubao wa dirisha uliooza. Hakuna anayepewa mara moja. Wanaketi kwenye benchi, na Jjajja anawauliza swali lake, akisubiri jibu lenye jina la mbao, unene wake na kilicho ndani. Wasiojua hutumwa nyumbani wakaangalie. Wengi hurudi.