Kijiji Kichezacho Sataranji

Iko michezo ya kupitisha wakati, na uko mchezo uliokijengea kijiji kizima jina. Kijiji hicho ni Ströbeck, karibu na mji wa Halberstadt, Ujerumani, nami nilikifikia nikiwa mgeni wa marafiki.

Mchezo wenyewe ni sataranji, ambao wengi wetu twauita chesi. Wazee wa huko husimulia kwamba mwaka 1011 mtu mmoja wa cheo alifungwa katika mnara wa kijiji, na kwa upweke akawafundisha walinzi wake kucheza. Hiyo ni hadithi, lakini mnara ungalipo. Lililo hakika ni kwamba mwaka 1651 Friedrich Wilhelm, mtawala wa Brandenburg, alikizawadia kijiji ubao wa sataranji, na mwaka 1823 mchezo ukaingizwa katika masomo ya shule. Hata mawe ya uwanja wao yamepangwa meupe na meusi kama ubao.

Jumapili alasiri nilikuta wenyeji wakishindana na chama cha mji mwingine. Meza zilikuwa nane, na kimya kilikuwa kama cha chumba cha mtihani. Ashindaye hupata pointi moja. Wakitoka sare, kila mmoja nusu. Meza saba zilipokwisha, kila upande ulikuwa na pointi tatu na nusu. Ikabaki meza ya mzee mmoja wa kijiji na kijana mgeni.

Kijana aliinuka kunyosha miguu. Mzee akashika ngome yake, mara akasita: alikuwa ameona hatari. Sheria yasema kete uliyoigusa kwa nia ya kuicheza, sharti uicheze. Hapakuwa na aliyemtazama ila mimi, mgeni nisiyejua mengi. Mzee akashusha pumzi, akaisogeza ngome ile ile. Baada ya muda mfupi alishindwa, na wenzake wakashindwa naye.

Baadaye nilimwuliza, mwenyeji wangu akitafsiri: “Mzee, mbona hukuirudisha? Mwenzako hakuwapo.”

Akanitazama kwa upole, akajibu: “Mwanangu, mimi nilikuwapo.”

Kazi yangu ni kuhesabu fedha za watu na kuziandika daftarini, mara nyingi nikiwa peke yangu chumbani. Mengine ya safari hiyo yataweza kunitoka, lakini si jibu hilo.